Historia na Mama, Sehemu ya 6: Waliokamata usukani kabla yetu

Wakina baba mnaosoma kimya kimya bila ku-like, nawaona. Leo tunaacha kidogo chanjo na uji wa lishe. Mama mmoja aliuliza kwenye sehemu iliyopita: hivi mwanamke anaweza kweli mbio za magari, zile za kwenye matope na mawe? Mimi napenda sana historia hii, kwa hiyo kaeni vizuri.

Mbio za Safari zilianza 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Miaka ile zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo ni historia yetu pia, siyo ya Wakenya peke yao. Baadaye zilikimbiwa wakati wa Pasaka, masika yenyewe. Mnaijua barabara yetu ya kwenda Katoro ikipigwa na mvua ya Aprili? Sasa fikiria usiku, mwendo wa kasi, siku kadhaa mfululizo.

Na wanawake walikuwemo mapema kuliko tunavyodhani. 1961 Anne Hall wa Uingereza na Lucille Cardwell walimaliza wa tatu kati ya wote, wakiwa na Ford Zephyr. Siyo wa tatu kwa wanawake, ni wa tatu kwa wote! Mwaka uliofuata Pat Moss akashika nafasi hiyo hiyo na kigari kidogo cha Saab. Lakini angalia picha nzima: hao walikuwa wanawake wa Kizungu, nyuma yao kuna kampuni za magari, mafundi na vipuri. Mwanamke Mwafrika hakuwepo kwenye usukani.

Ikabidi kusubiri mpaka 1974. Ndipo akaja Orie Rogo, Mkenya, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Orie Rogo Manduli. Huyu alikuwa mrembo wa Kenya aliyewahi kuvaa taji, halafu akaingia Safari Rally na mwenzake Sylvia Omino, wanawake wawili Waafrika ndani ya gari moja. Mwaka wenyewe ulikuwa wa mvua kubwa, matope mpaka magari ya wazoefu yakabaki njiani. Mshindi alikuwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Jina la Orie halimo kwenye orodha ya washindi, lakini ndiye anayekumbukwa kama mwanamke wa kwanza Mwafrika kushiriki mbio zile. Miaka ya baadaye akawa mwanaharakati mwenye maneno makali na vilemba vikubwa vya kifahari. Alifariki Septemba 2021. Kwangu mimi ushujaa wake uko hapo hapo kwenye mstari wa kuanzia, maana kujaribu mbele ya watu wanaosubiri ukwame si mchezo.

Sasa twende Ufaransa kidogo, kwa sababu huko ndiko utaona jambo linalonisumbua mimi. Michèle Mouton alianza kama msoma ramani, yule anayekaa pembeni na kumwambia dereva kona inakuja. Baba yake ndiye aliyemwambia kama unataka mbio basi endesha mwenyewe, akamnunulia gari na kumlipia msimu mmoja aonyeshe uwezo. Msimu mmoja tu! 1981 akashinda mbio za Sanremo kule Italia, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia, na msoma ramani wake alikuwa mwanamke pia, Fabrizia Pons. 1982 akashinda Ureno, Ugiriki na Brazil. Akabaki kidogo tu awe bingwa wa dunia, na baba yake akafariki wakati mbio za Ivory Coast zinakaribia kuanza. Akaendesha hivyo hivyo na msiba wake moyoni, gari likamshinda, ubingwa ukaenda kwa Walter Röhrl. Mwaka uliofuata alikuja kwetu huku, Safari ya 1983, akamaliza wa tatu.

Mmeona ninachotaka kusema? Uwezo wa mikono na macho tunao. Swali ni nani ametoa gari. Hata hapa kwetu Rwamgasa, mwanamke anabeba mawe, anachekecha, anakaa kwenye vumbi la karasha kutwa nzima, hakuna anayesema kazi ile ni nzito kwake. Lakini funguo za pikipiki? Hapo ndipo utasikia ataanguka huyo. Na mimi kama nesi silisemi hili kwa utani: uchungu ukianza saa nane usiku, baba yuko duarani, pikipiki imeegeshwa uani na hakuna mtu mzima nyumbani anayeweza kuiendesha, dakika zinapotea. Mama mwenye uchungu hapandi usukani, hapana, lakini wifi, mama mkwe au dada wa jirani angeweza.

(Na kwa kuwa tumeshagusa magari: mama mjamzito akiwa ndani ya gari, mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu upite katikati ya matiti kuja pembeni ya tumbo. Usipite juu ya mtoto. Msiache kuvaa.)

Baada ya Orie njia haikufunguka haraka. Uganda walisubiri hadi 2011, Susan Muwonge akawa bingwa wa taifa, akiwaacha nyuma wanaume waliozoea kombe lile. Halafu Juni 2022, Naivasha, Maxine Wahome, mwalimu wa chekechea mwenye miaka 26, akashinda daraja la WRC3 kwenye Safari Rally. Hakuna mwanamke aliyewahi kushinda daraja hilo popote duniani. Baba yake naye alikuwa dereva wa mbio, kwa hiyo lile swali la gari linarudi tena.

Haya, andikeni hapa chini: kwenu nyumbani wanawake wangapi wanajua kuendesha, hata pikipiki? Sehemu ya 7 ni wakunga wa jadi, na nimeshajiandaa kwa mabishano.