Usonji na mawasiliano ya mtoto (Dar es Salaam)

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kugusa namna mtu anavyowasiliana na kuchangamana na wenzake. Huambatana pia na kushikilia mambo au mienendo ileile. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Marekani, aliieleza mwaka 1943 kutokana na watoto 11. Aliona kwamba baadhi yao walirudia maneno ya wengine na kugeuza nafsi, yaani kusema "wewe" mahali pa "mimi".

Katika Kiswahili jambo hilo halijifichi, maana salamu zetu huenda kwa jozi. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Hujambo?" Akiwa na kiu husema "Unataka maji?", kama anavyoulizwa na mama yake. Mitaa ya Mbagala au Tandale humhesabu asiyeamkia kuwa hana adabu, na lawama humwangukia mama kwanza. Hukumu hiyo si ya haki. Mwangwi huo mara nyingi ni ombi kamili: mlezi anayeuelewa humpa maji huku akimtamkia, "Nataka maji." Wengine hawasemi kabisa, bali huuvuta mkono wa mkubwa hadi kwenye ndoo. Wengine husema sana, lakini ni vituo vya daladala tu, kimoja baada ya kingine, msikilizaji achoke asichoke.

Mtoto wa mwaka 1 asiyegeuka akiitwa jina wala kuonyesha kitu kwa kidole, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, achunguzwe, kwa kuanzia na masikio. Kutotazama machoni pekee kusitegemewe. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima.

Urithi una nafasi kubwa katika chanzo cha usonji. Chanjo na malezi havihusiki, wala majini. Mwaka 2006 watafiti walieleza pia watoto wa Tanzania ambao dalili zao zilifuatia malaria kali.

Uchunguzi wa kina hufanyika Muhimbili, Upanga, safari ndefu kwa anayetoka Bunju au Chamazi. Shule za msingi Mbuyuni (Kinondoni) na Msimbazi Mseto (Ilala) zina vitengo vya watoto hawa, lakini wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno. Nyumbani, kadi za picha za kuonyesha anachotaka, ambazo mzazi anaweza kuzichora mwenyewe, hazimzuii mtoto kusema.

"Atasema tu, hata baba yake alichelewa" ni kauli inayopoteza miaka. Mwenye shaka aende zahanati ya karibu sasa, aombe rufaa.