Komisyonere ni mtu wa nani? Historia ya kununua parseli katika Kivu

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alinisimamisha hapa Goma, mbele ya nyumba ya mbao aliyotaka kununua. Akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwanangu, huyu komisyonere ananitembeza tangu asubuhi. Anafanya kazi yangu ao ya muuzaji?» Feza aliyoifunga kiunoni ilitoka kwa ng'ombe wawili wa mwisho wa familia yake. Sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali hilo lina historia ndefu kwetu, na historia hiyo inaweza kumsaidia kila anayetafuta mahali pa kulala katika mji asiozaliwa.

Tuanze na wazee wetu. Katika Bushi, upande wa Bukavu, mtu aliyetaka udongo wa kudumu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa mwami ao kwa mkubwa wa kilima. Kwa kalinzi hiyo, yeye na watoto wake walipata haki ya kukaa na kulima. Aliyetaka kulima kwa muda mfupi tu aliingia katika bwasa, na hakupata haki ya kurithisha. Karatasi haikuwapo, walikuwapo mashahidi. Shahidi aliishi pale pale kilimani, na akisema uongo jirani zake wangemjua. Shida ilikuwa kwa mgeni: asiye na ndugu wala rafiki kilimani hakuwa na wa kumsemea.

Kisha wazungu wakaja na desturi yao. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa mfalme Léopold II ulitangaza kwamba mapatano yoyote na wenyeji kuhusu udongo hayatatambuliwa kama hayakufanywa mbele ya afisa wa serikali. Tangazo hilo hilo lilisema udongo usio na mtu ni wa serikali. Basi kati ya muuzaji na mnunuzi akasimama mtu wa tatu, na mtu huyo alikuwa wa leta. Hakuwa upande wa mwenyeji.

Dola Huru ya Kongo ikachukua pia mfumo ulioanzishwa Australia Kusini mwaka 1858 na Robert Torrens. Katika mfumo huo haki ya mtu haitafutwi kwa mashahidi. Inatafutwa katika kitabu kimoja cha serikali. Jina lililoandikwa kitabuni ndilo lenye haki. Ni mfumo safi, kama kitabu kinasema ukweli. Lakini kwa muda mrefu kitabu hicho kilikuwa cha wazungu na makampuni. Hapa kwetu Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilipewa madaraka juu ya udongo mwingi sana, huku wenyeji wakiendelea kuishi kwa neno la mwami.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha udongo mikononi mwa serikali yetu. Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo ndiyo msingi wa mambo haya hadi leo. Inasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Raia anapewa haki ya kuutumia. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konsevateri. Sheria hiyo ilifanya udongo wa kimila pia kuwa wa serikali, na ikaahidi kwamba agizo la rais litapanga haki za wanaoishi humo. Miaka mingi ilipita bila agizo hilo kutoka.

Katika pengo hilo ndipo komisyonere anapopata kazi. Upande mmoja kuna cheti cha konsevateri, ambacho watu wengi hawana. Upande wa pili kuna neno la mwami, fishi ya kartie, na karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na mkubwa wa avenyu. Mgeni hajui ipi ina nguvu. Na Goma imejaa wageni: wakimbizi wa mwaka 1994, watu waliopoteza nyumba Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 17 Januari 2002 na mipaka ya parseli ikafunikwa na mawe meusi, kisha familia za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zilizokimbia vita mara moja, mara mbili, mara tatu. Kambi zilizozunguka mji zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, wengi walianza tena kutafuta pa kwenda.

Tusimtukane komisyonere. Anajua nyumba zipi ziko wazi, anatembea juani, naye ana watoto wa kulisha. Lakini tuangalie anavyolipwa. Anapata komisyo siku mauzo yanapofanyika. Mauzo yakikatika, harudishi nyumbani kitu. Tena bei ikipanda, komisyo inayohesabiwa kwa asilimia inapanda nayo. Kwa hiyo mtu anayefaidika ukikubali, hawezi kuwa mtu wa pekee wa kukuambia ukatae. Kosa haliko katika tabia yake tu. Liko katika namna ya malipo.

Hata Marekani, ambako ndugu zetu wengi wamehamishiwa kama wakimbizi, jambo hili limeleta kesi kubwa. Huko mnunuzi huwa na wakala wake, lakini kwa desturi malipo ya mawakala wote wawili yalitoka katika feza ya muuzaji. Tangu Agosti 2024 wakala wengi wa huko wanapaswa kupatana na mnunuzi kwa maandishi, malipo yakiwa wazi, kabla ya kumwonyesha nyumba. Wao pia walikuwa wakiuliza swali la mama wa Masisi.

Basi jibu langu ni ndiyo: mnunuzi awe na mtu wake. Si lazima awe na ofisi. Anaweza kuwa mwanasheria, mtu anayejua kazi ya kadastre, ao mzee wa mtaa anayeaminika. La lazima ni kwamba apatane nawe malipo ya kazi yake mapema, kiasi kimoja, alipwe hata akikuambia «usinunue», na asipokee hata franka moja kutoka upande wa pili. Ndugu yako anayekula pande zote mbili si mtu wako.

Kazi yake? Aende kwa konsevateri na kadastre kuuliza parseli iko kwa jina la nani. Apime mipaka. Aulize jirani wa pande zote nne, na mkubwa wa avenyu, kama parseli haikuuzwa kwa mwingine. Ahakikishe mume na mke wote wamekubali, maana sheria ya familia inataka hivyo. Kama mwenyewe alifariki, awaone warithi wote. Na feza isitoke mkononi kabla ya hayo.

Neno moja kwa wale walioacha parseli zao mbali. Cheti cha uandikishaji kikifikisha miaka miwili, hakishambuliki tena; aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia tu. Vita vinaweza kudumu zaidi ya miaka miwili. Ukisikia mtu anauza kwako, usingoje siku ya kurudi: tafuta wa kukusemea huko sasa. Muuzaji na mnunuzi wana wao. Asiyekuwapo ndiye anayemhitaji zaidi.

Yule mama hakununua siku ile. Alikwenda kwanza kwa jirani wa nyuma, ambaye alimwambia kwamba nyumba hiyo ina kesi kati ya ndugu wawili. Komisyonere alikasirika, akaondoka. Jirani yule hakulipwa kitu. Alifanya kazi ambayo zamani kilimani ilikuwa ya shahidi.