Taji la Kwenye Kifungo

Gwanda la sufu la askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, likiwa halina nembo, si kitu cha kugombaniwa mnadani. Lishonee mkononi Pegasus, yule farasi mwenye mabawa aliyesanifiwa na mchoraji Edward Seago kwa ajili ya vikosi vya miavuli, uone bei itakavyoruka. Ndiyo maana walaghai wengi hawahangaiki kutengeneza gwanda bandia. Huchukua gwanda halali, kisha wakalishonea historia isiyo yake.

Mnunuzi mzoefu hulipindua kwanza. Ndani kuna lebo yenye kimo na kifua cha mvaaji, jina la kiwanda, mwaka na ule mshale mpana wa mali ya serikali. Mshale ukiwa umezungukwa na herufi C, mali hiyo ni ya Kanada. Lebo ikiwa imenyofolewa, muuzaji ana maswali ya kujibu, maana baada ya vita Ubelgiji, Uholanzi na Ugiriki nazo zilivalisha majeshi yao magwanda ya mshono huohuo.

Mshono wenyewe nao husema. Mtindo unaoitwa wa 1940, ambao kwa kweli ulianza kutolewa mwaka 1942, ulibuniwa kubana matumizi: vifungo vilivyokuwa vikifichwa vikaachwa wazi, marinda ya mifuko yakaondolewa. Gwanda la namna hiyo likisifiwa kuwa liliokolewa Dunkirk, mwezi Mei 1940, mwache muuzaji amalize hadithi yake, kisha uondoke.

Baada ya hapo ni zamu ya uzi. Poliesta ilipewa hataza Uingereza mwaka 1941, lakini iliingia kwenye nguo za watu baada ya vita. Kipande cha uzi kilichochomolewa chini ya nembo kikichomwa, pamba hubaki majivu, poliesta hujikunja ikawa kitonge kigumu. Taa ya urujuanimno nayo hutumika, kwa kuwa nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini yake. Mimi siiamini sana taa hiyo: hata gwanda la kweli likifuliwa kwa sabuni ya unga ya leo litang'aa. Uzi wa pamba nao hauthibitishi kitu, kwani mlaghai makini hutafuta vibunda vya zamani.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni taji. Beji na vifungo vya enzi ya Mfalme George wa Sita vina taji lenye matao ya mviringo. Elizabeth wa Pili alipotawala, matao yakabonyea katikati. Kwa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki lililopigana Burma mwaka 1944 na kudumu hadi uhuru wa nchi zetu, tofauti hiyo si ndogo. Taji la Malkia kwenye kifungo kinachodaiwa kuwa cha Burma humtoa askari huko na kumleta miaka ya hamsini, wakati wa Mau Mau, kwenye misitu ya Aberdare.

Sasa mtego mpya umeingia. Mwaka 2022 Mfalme Charles wa Tatu alichagua taji la matao ya mviringo, linalofanana na lile la babu yake. Vifungo vipya vinavyotoka viwandani leo vikisuguliwa na kuchakazwa kidogo, vitawasumbua wanunuzi wa miaka hamsini ijayo.