UMEMJUAJE? MASWALI YA SAYYIDNA UMAR KWA WANAOTUMIKIA MAYATIMA



Ndugu zangu katika imani, tulipotafuta vijana wa kujitolea kusimamia futari na darasa la mayatima hapa Kunduchi, nilisema kila mmoja alete barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Mzee wangu mmoja akanifuata baada ya Alasiri: "Shekhe, huku si kuwadhania watu vibaya? Mtu anajitolea kwa ajili ya Allah, nawe unamdai barua?" Siku ile sikumjibu. Leo namjibu kwa historia.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Umar akamwambia kuwa hamjui, na kwamba kutojulikana naye hakumpunguzii kitu, ila alete anayemjua. Akasimama mtu kumsifu. Umar akamuuliza mambo matatu. Je, ni jirani yako, unajua kuingia na kutoka kwake? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Yote akajibu hapana. Umar akamwambia: basi humjui. Na katika baadhi ya mapokezi akaongeza kuwa huenda alimwona tu msikitini, akiinua kichwa na kukiinamisha.

Tazameni adabu ile. Umar hakumtuhumu mtu. Alikataa tu kuifanya swala ya mtu kuwa ndiyo barua yake.

Nami nakiri kosa langu. Miaka kadhaa nyuma nilimkabidhi kijana fedha za sare za mayatima kwa sababu ya usomaji wake mzuri wa Qur'an. Sikujua hata analala wapi. Asubuhi moja tukaamka hayupo, na fedha hazipo. Tulichanga upya, watoto wakapata sare. Lakini mtoto akidhuriwa mwili wake, tutachanga nini tumrudishie?

Jambo hili halikuishia kwa Umar. Katika karne ya 2 Hijria, makadhi wa Misri waliweka mtu maalumu aliyeitwa sahib al-masail, yaani mwenye maswali. Kazi yake ilikuwa kuwauliza majirani na watu wa sokoni habari za mashahidi. Wanazuoni wakaweka tazkiya ya aina mbili: ya dhahiri, na ya siri ambayo shahidi mwenyewe haisikii. Watu wa hadithi nao walifanya vivyo hivyo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kizima cha habari za wapokezi, Tarikh al-Kabir. Mtu aliweza kuwa mchamungu na hadithi yake isipokewe, kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu.

Atakayesema huko ni kusengenya, amtazame Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin. Ametaja sehemu sita ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na shari, kama kuwaeleza wapokezi na mashahidi.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 2008 Mmarekani Gregory Dow alifungua nyumba ya watoto yatima huko Boito, kaunti ya Bomet, Kenya. Alikuja kwa jina la dini na huruma. Kumbe mwaka 1996 alikuwa amekwisha kukiri mahakamani kwao kosa la shambulio kwa nia ya udhalilishaji wa kingono dhidi ya kijana mdogo. Habari ilikuwa imeandikwa miaka 12 kabla. Mwaka 2017 tuhuma zilipotoka alikimbia Kenya, na Februari 2021 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhuru wasichana wanne wa nyumba ile.

Usiseme, "Huyo si wa dini yetu." Mwenye nia hiyo huenda palipo na watoto na pasipo na maswali, pawe ni kanisani, madrasa au shuleni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Hawa ni watoto wetu.

Halafu tujiulize kwa haki. Kijana akitaka bodaboda ya mkataba, mwenye pikipiki humdai barua ya mtaa na wadhamini, wala hakuna anayesema amedhaniwa vibaya. Pikipiki ina wadhamini, mtoto yatima hana!

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu. Barua itoke mtaa anaoishi. Wadhamini wawili wasiwe ndugu zake, nasi tutawauliza maswali ya Umar. Tutapiga simu msikiti au madrasa aliyotoka, kuuliza kwa nini aliondoka. Atakayefundisha watoto atachukuliwa alama za vidole polisi na kuleta cheti cha tabia njema. Na hata akishapita yote hayo, hakuna mtu mzima atakayekaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, wala fedha hazitahesabiwa na mtu mmoja. Cheti kinaeleza yaliyopita tu.

Mzee wangu, barua ya kwanza kwenye faili lile ni yangu mimi, imam wako wa miaka yote hii. Nilikwenda ofisi ya mtaa, nikakaa foleni kama wengine. Sikupungukiwa na kitu.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu, na utufanye sisi kuwa sababu ya hifadhi hiyo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwalimu wa madrasa ya mtaani kwako.