Kiingereza kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza Tanzania

Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia na ya mitihani katika karibu shahada zote za kwanza nchini Tanzania, ila zile za Kiswahili chenyewe, kama zinazofundishwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huitwa lugha ya pili, lakini kwa wengi ni ya tatu: aliyekulia Bukoba au Shinyanga alianza na Kihaya au Kisukuma, kisha Kiswahili.

Ugumu wake huanza mapema. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza lugha hubadilika ghafla kuwa Kiingereza, na mara nyingi mwalimu mwenyewe haimudu. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike pia sekondari, serikali isitekeleze. Mwanafunzi hubakiwa na kukariri. Anaweza kufaulu vizuri hadi chuoni bila kuwahi kuandika kwa Kiingereza ukurasa mmoja wa mawazo yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa, si kwenye matamshi yanayochekwa kila siku. Anayepewa sura nzima ya kitabu kwa wiki moja hukimbilia desa, yaani maandishi yaliyofupishwa na waliotangulia. Kwenye seminari hunyamaza akiogopa kuchekwa. Mhadhiri akitoka, mjadala huwaka kwa Kiswahili, tena wenye hoja. Kwenye mtihani mhadhiri hurudishiwa sentensi zake mwenyewe. Kwa anayepata sapu (mtihani wa marudio) au disko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), si rahisi kujua kilichomwangusha ni somo au lugha. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walilichambua suala la lugha ya kufundishia katika kitabu chao cha 1997, *Language Crisis in Tanzania*.

Matamshi na sarufi navyo vina mitego. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina takriban 20 kwa herufi zilezile, hivyo "ship" na "sheep" hutamkwa sawa. "Yeye" haibagui jinsia, ndiyo maana hata wahitimu huchanganya "he" na "she". Vibainishi "a" na "the" havina visawe katika Kiswahili. Sauti za "th" ni nyepesi kwa mtu wa pwani, anayezitamka katika thelathini na dhahabu. Wengi wa bara huzitamka kama s na z.

Vyuo hufundisha stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, aghalabu kwa mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja. Kuandika hufunzwa kwa kusahihishwa mara kwa mara, na darasa la namna hiyo haliruhusu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua njia ya Kiswahili kutumika ngazi zote. Toleo lake la 2023 limekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari.