Sura ya Majengo ya Shule za Kisasa

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki elimu ilitangulia jengo lake, na lugha yenyewe yashuhudia hayo. Neno chuo katika Kiswahili cha zamani lilitumika kwa kitabu na kwa mahali pa kusomea pia, wala halikutaja nyumba ya namna fulani: mwalimu aliketi barazani kwake au msikitini, na watoto wakajipanga mkekani mbele yake. Darasa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni la somo na wasomaji kama lilivyo la chumba. Maneno shule, lililoachwa na Wajerumani, na skuli, lililotoka katika Kiingereza na kukaa Unguja, ndiyo yaliyofika pamoja na jengo maalumu, ambalo mpita njia hulitambua kwa mbali kabla ya kusikia sauti ya mtoto hata mmoja. Sura ya jengo hilo ina historia yake, na historia hiyo yaanza mbali na mwambao.

Uingereza ilipopitisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1870, miji mikubwa ililazimika kujenga shule nyingi kwa haraka. Jijini London kazi hiyo alikabidhiwa E. R. Robson, aliyetoa kitabu chake juu ya ujenzi wa shule mwaka 1874. Shule zake zilikuwa za matofali, zenye ghorofa kadhaa na mapaa yaliyochongoka, zikizidi kwa urefu nyumba za maskini zilizozizunguka. Ziliwatangazia wazee kwamba Serikali imeingia mtaani mwao. Lakini vizingiti vya madirisha viliwekwa juu, ili nuru iingie na macho ya mtoto yasitoke. Sura hiyo ilikuwa ya heshima na ya amri, na aliyefikiriwa kwanza alikuwa mtazamaji wa nje.

Mageuzi hayakuanzishwa na wasanii, bali na maradhi. Kifua kikuu kiliua wengi katika miji ya Ulaya, na kabla ya dawa zake kupatikana waganga hawakuwa na la kuagiza ila jua, hewa safi, chakula na mapumziko. Mwaka 1904 ilifunguliwa huko Charlottenburg, karibu na Berlin, shule ya msituni kwa watoto dhaifu, nao wakasomea chini ya miti. Wajenzi wakatafuta namna ya kuiga msitu ule kwa saruji na kioo. Jan Duiker alijenga Amsterdam mwaka 1930 shule ya ghorofa ambayo nguzo zake zimesogezwa mbali na pembe, hata kuta zikawa vioo vitupu, na kila ghorofa ina ukumbi wazi wa kusomea nje. Huko Suresnes, karibu na Paris, Eugène Beaudouin na Marcel Lods walimaliza mwaka 1935 shule ya vibanda vilivyotawanyika bustanini, ambavyo kuta zake za kioo zaweza kukunjwa pande tatu. Basi wepesi, weupe na uwazi, ambavyo baadaye vilihesabiwa kuwa alama za usasa, vilianza kama tiba.

Kutoka tiba vikawa malezi. Katika wilaya ya Cambridge, Henry Morris, mkuu wa elimu, alitaka shule iwe moyo wa kijiji, watoto wasome mchana na wazee jioni. Kwa ajili yake Walter Gropius, aliyekuwa amekimbia utawala wa Wanazi, alishirikiana na Maxwell Fry kuchora shule ya Impington, iliyofunguliwa mwaka 1939: jengo la chini, lililojipinda katikati ya miti, lisilomtisha anayeingia. Baada ya Vita Kuu ya Pili matofali na mafundi vilikuwa haba, na watoto wengi. Wasanifu wa jimbo la Hertfordshire wakaunda shule kwa vipande vya chuma na saruji vilivyotengenezwa viwandani, vikapangwa kwa kipimo kimoja cha futi 8 na inchi 3. Lakini kipimo kilichowatangulia ni kimo cha mtoto: mabeseni ya kunawia, viti na madirisha vyote vilishushwa kumfuata. Majengo hayo hayakuwa na fahari, wala hayakuitafuta.

Mfano wa kinyume ni shule ya Hunstanton katika Norfolk, iliyomalizika mwaka 1954, kazi ya Alison na Peter Smithson. Chuma, matofali na hata mabomba ya maji viliachwa wazi, ili jengo lisifiche kitu juu ya namna lilivyojengwa. Wataalamu waliisifu sana, na hadi leo yahesabiwa miongoni mwa majengo makuu ya karne ile. Waliosomea ndani walipata joto jingi wakati wa kiangazi, baridi wakati wa kipupwe, na kelele. Vioo vilipasuka, na baadaye vingi vikabadilishwa kwa mbao nyeusi. Jengo lilisema kweli juu ya chuma chake, lakini halikumuuliza mtoto.

Hasara hiyo huzidi sura inapohamishwa pasipo sababu yake. Kioo kilichomponya mtoto wa Amsterdam humchoma mtoto wa nchi za joto. Maxwell Fry na mkewe Jane Drew waliliona jambo hilo walipojenga shule Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast: wakafanya majengo membamba yanayokabili upepo, yenye kuta za matundu na vivuli virefu. Jibu lililo kamili zaidi lilitoka kijijini. Francis Kéré, mtoto wa kwanza wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, kupelekwa shule, alisoma katika chumba chenye joto na msongamano, kisha akajifunza usanifu Berlin. Mwaka 2001 alimaliza pamoja na wanakijiji wenzake shule ya Gando: matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, na bati lililoinuliwa juu ya dari yenye matundu, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Shule ya Gando haifanani kwa umbo na ile ya Duiker, nayo ni ndugu yake wa kweli kuliko jengo la vioo linaloiga la Amsterdam katika jua kali. Usasa wa shule hupimwa kwa swali lililoujenga tangu mwanzo: mtoto akiketi humu saa sita, atapumua vipi, ataona nini, na atasikia sauti ya mwalimu wake? Mwalimu wa chuo barazani, penye kivuli na upepo wa bahari, alikuwa na sehemu ya jibu kabla ya msanifu yeyote kulichora.