Chemko Lilipohamia Kwenye Kinanda cha Casio

Albamu ya Bongo Hotheads, iliyotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji, ndiyo iliyolitambulisha kimataifa kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam. Kwa sikio geni, kelele za kinanda chake cha umeme zinaweza kudhaniwa kuwa zimezuka zenyewe, ilhali nyuma yake ipo historia ndefu ya bendi zilizojiita jazz.

Neno hilo lilipoingia Tanganyika halikuulenga hasa muziki wa Wamarekani weusi, ambao kiini chake ni mpigaji kubuni tuni papo kwa papo. Lilitaja bendi ya magitaa, matarumbeta na ngoma za kisasa, kama Morogoro Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1944. Hata hivyo, ubunifu wa papo kwa papo ulikuwa na makao yake katika chemko, yaani sehemu ya pili ya wimbo, ambapo mwendo huongezeka na mpiga gitaa la solo huachiwa uwanja. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe aliupamba uwanja huo kwa ufundi mkubwa, na Redio Tanzania ikaufikisha muziki wa dansi mbali na miji ya bendi, hadi kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi, mahali kama Itaka, katika eneo ambalo tangu mwaka 2016 ni sehemu ya mkoa wa Songwe.

Bendi kama hizo, zenye wanamuziki wengi na vyombo vya gharama, hazikuwa rahisi kwa vijana wa uswahilini kuziunda. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, vinanda vidogo vya Casio, vinavyotumia betri na vyenye midundo iliyokwisha kutengenezwa ndani yake, vilianza kupatikana kwa urahisi zaidi, na ndipo mchiriko, unaoitwa pia mnanda, ulipokua kwa kuviunganisha na ngoma za Wazaramo. Mpiga kinanda hushika kifungu kifupi, hukirudia, hukivunja, kisha hukirejesha kikiwa kimebadilika kulingana na ngoma zinavyomjibu. Sauti, ikipita katika amplifaya iliyozidiwa nguvu, hukwaruza, na mkwaruzo huo wenyewe huwa sehemu ya tuni. Huku ndiko kubuni hasa, na ni dhuluma kwamba kwa miaka mingi sanaa hii ilidharauliwa kuwa uhuni wa vijana wa mitaani, kana kwamba umaskini wa chombo ni umaskini wa fikra.

Jagwa, kundi lililoanzia Mwananyamala, lilikwenda na ufundi huo Ulaya bila kuulainisha. Kufikia hapo mtindo wa singeli ulikuwa umekwisha kuanza kuchipuka Dar es Salaam, kompyuta ikichukua nafasi ya Casio. Mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, una nyimbo zinazovuka mapigo 200 kwa dakika, mwendo ambao vidole vya mpiga solo vingeshindwa kuufuata, na kwa hiyo kazi ya kubuni papo kwa papo imeangukia zaidi kwenye ulimi wa mghani.